Ndoa Mbili za Wazee Wetu: Safari ya Molise, Mei 2025

Nimeiandika simulizi hii baada ya kurudi Nyeri, nikiongozwa na daftari langu la safari pamoja na picha za simu, kwa ajili ya wale wenye damu ya Kiitaliano katika koo zao ambao wangependa kujua pa kuanzia. Babu yangu mzaa mama aliletwa Kenya mwaka 1941 akiwa mateka wa vita, mmoja wa maelfu kwa maelfu ya Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia. Ni mateka hao waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, mwaka 1942. Vita vilipokwisha alirudishwa kwao, kisha akarejea Kenya kwa hiari yake kufanya kazi ya uashi, na akaishi huku mpaka alipozikwa. Alimwachia mama yangu karatasi moja tu, cheti cha ubatizo cha mwaka 1914 kutoka Larino, mji mdogo wa mkoa wa Molise.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimekwisha kutumia tovuti ya serikali ya Italia iitwayo Antenati, ambamo picha za rejesta za vizazi, ndoa na vifo husomwa bila malipo. Humo niliiona hati ya kuzaliwa ya baba yake babu, ya mwaka 1876. Baba mtu alikuja mwenyewe mbele ya msajili akamtambua mtoto, lakini mama mtu hakutajwa hata kwa jina. Palikuwa na maneno tu kwamba mtoto amezaliwa na mwanamke asiyeolewa. Nilipomsomea mama hayo, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mwanamke huyo ana jina. Twende tukalitafute." Yeye ni kitukuu wa mwanamke huyo, na safari hii ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu.

Jumatatu, 19 Mei: Roma hadi Campobasso

Tuliruka kupitia Addis Ababa na kutua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, asubuhi. Roma ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa Jubilei na siku moja tu kabla yake Papa Leo XIV alikuwa ameadhimisha Misa ya kuanza utume wake, kwa hiyo tuliamua kutolala mjini humo. Treni ya FL1 hutoka uwanjani moja kwa moja hadi stesheni ya Tiburtina kwa euro 8, na ndipo mabasi ya mikoani yanapoanzia. Treni ya haraka ya euro 14 huishia stesheni kuu ya Termini, na aliyeipanda hulazimika kuhama tena kwenda Tiburtina.

Basi letu lilichelewa zaidi ya saa mbili bila tangazo lolote. Kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akirudi kwao Isernia, alimwachia mama kiti chake kivulini, akaenda kuuliza dirishani kwa niaba yetu, akarudi na maji na mkate wenye jibini. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya Kiingereza kidogo, lakini alipoelewa kwamba tunatafuta wazee wetu alimshika mama mkono na kumwita bibi. Nauli ilikuwa takriban euro 15 kwa kila mtu. Tuliingia Campobasso, mji mkuu wa Molise, jioni kukiwa na baridi ambayo sisi wa Nyeri tuliitambua mara moja, tukala kavateli, aina ya tambi, kwa mchuzi wa nyama ya nguruwe, tukalala.

Kwa raia wa Kenya, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90. Katika barua ya maombi nilieleza wazi kwamba tunakwenda kusoma nyaraka za ukoo, nikaambatisha barua pepe ya hifadhi ya nyaraka ya Campobasso iliyothibitisha kuja kwetu.

Jumanne, 20 Mei: Hifadhi ya Nyaraka ya Campobasso

Kila mkoa mdogo wa Italia una hifadhi ya nyaraka ya serikali. Rejesta za raia ziliandikwa kwa nakala mbili, moja ikibaki manispaa na nyingine ikipelekwa mahakamani, na ile ya mahakama ndiyo inayohamishiwa hifadhini baada ya miongo kadhaa. Kuingia ni bure. Unaonyesha pasipoti, unajaza fomu, unaacha mkoba kwenye kabati, unaandika kwa penseli tu. Tangu sheria namba 124 ya mwaka 2017 unaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako bila malipo, mradi usitumie mwanga wa kamera. Jambo la kuzingatia ni kwamba daftari lililokwisha kupigwa picha kwa ajili ya tovuti kwa kawaida halitolewi tena mezani, kwa hiyo msifunge safari kwenda kutazama kile mnachoweza kukisoma nyumbani. Nendeni kwa ajili ya kile msichokipata mtandaoni.

Sisi tulikuwa tunatafuta viambatisho vya ndoa ya mwaka 1846, ndoa ya babu na bibi wa yule mtoto wa 1876. Hati yenyewe nilikuwa nayo tayari, na inafaa nieleze umbo lake, kwa sababu hukanganya watu wengi. Katika Ufalme wa Sicilia Mbili, uliotawala kusini yote ya Italia kabla ya muungano, bwana na bibi harusi walifika kwanza mbele ya meya na kutoa ahadi rasmi ya kuoana. Kisha walikwenda kanisani, paroko, yaani padri wa parokia, akawafungisha ndoa, na taarifa yake ikarudishwa manispaa. Ukurasa umegawanywa safu mbili. Upande wa kushoto ni ahadi mbele ya meya, upande wa kulia ni uthibitisho wa paroko wenye tarehe ya harusi kanisani. Anayesoma safu ya kushoto peke yake huondoka na tarehe ya ahadi akidhani ni ya ndoa. Na ikiwa safu ya kulia ni tupu, basi huenda harusi haikufanyika kabisa. Wazee wetu waliahidiana siku ya Alhamisi, wakafunga ndoa Jumapili iliyofuata.

Siku nzima ilikwisha tukisubiri. Ombi letu lilihitaji mfanyakazi wa ghala, naye hakuwepo, na karani wa mapokezi alituomba kwa upole turudi kesho.

Jumatano, 21 Mei: bahasha ya karatasi kumi na moja

Saa tatu asubuhi tuliletewa furushi lililofungwa kwa utepe. Ndani yake kila ndoa ya mwaka ule ina bahasha yake, na humo zimo nyaraka zote ambazo sheria iliwataka wachumba wazilete: dondoo ya kuzaliwa au kubatizwa ya kila mmoja, tangazo la ndoa lililobandikwa kwenye mlango wa manispaa, na ridhaa ya wazazi. Ikiwa baba amefariki, hati ya kifo chake ilibidi iletwe. Na kwa kuwa haki ya kuridhia ilihamia kwa babu, hati ya kifo cha babu nayo ililetwa. Ndiyo sababu bahasha ya ndoa moja inaweza kukurudisha nyuma vizazi vitatu kwa mkupuo. Sijui aina nyingine ya waraka inayompa mtafutaji kiasi hicho, na ningemshauri kila mtu aanze na ndoa kabla ya kutafuta hati za kuzaliwa.

Hati za wazee wetu ziliandikwa kwenye karatasi isiyo na stempu, pamoja na cheti cha meya kinachosema kwamba wachumba ni maskini na wamesamehewa ushuru wa karatasi ya serikali. Baba yake bwana harusi alifariki mwaka 1837, wakati kipindupindu kilipoupitia ufalme ule. Babu yake alifariki mwaka 1817, kufuatia njaa na homa ya chawa, yaani taifasi, iliyoua watu wengi kusini mwa Italia, akiwa na umri wa miaka 70 kadiri walivyokisia mashahidi. Mkulima aliyezaliwa kabla ya mwaka 1750, ambaye hakuna aliyemkumbuka kwetu, alikuwa mbele ya mama kwenye karatasi yenye mikunjo minne.

Mwandiko ulikuwa mgumu. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma meza ya jirani aliacha kazi yake karibu saa nzima, akatusomea kwa sauti ya chini neno kwa neno huku akiniacha niandike. Alinifundisha kwamba neno "di" mbele ya jina la baba humaanisha baba yu hai, na "fu" humaanisha marehemu, hivyo hata hati isiyohusu kifo hukupunguzia miaka ya kutafuta. Alinieleza pia kwamba tarehe zote huandikwa kwa maneno, na kwamba wanawake wa Italia hubaki na jina la ukoo wa baba zao katika hati zote baada ya kuolewa. Mama alifurahishwa sana na hilo la mwisho. Tulipomwalika mwalimu chakula cha mchana, alilipa yeye.

Alhamisi, 22 Mei: kwenda Larino

Safari ya basi kuelekea upande wa bahari ilitupitisha kwenye vilima vya ngano mbichi na mizeituni. Larino ina sehemu mbili: mji mpya uko juu, karibu na magofu ya uwanja wa michezo wa Kirumi, na mji wa kale uko bondeni ukizunguka kanisa kuu lililokamilika mwaka 1319. Tulipata chumba katika nyumba ya wageni mji wa kale kwa euro 60 kwa wawili pamoja na kifungua kinywa.

Manispaa walikuwa wakijiandaa kwa kura ya maoni ya tarehe 8 na 9 Juni, na karani wa rejesta alikuwa ameelemewa. Alisoma barua pepe niliyoituma mwezi Machi, akatazama majina, akasema tuje kesho mapema.

Ijumaa, 23 Mei: pembeni mwa ukurasa

Hii ndiyo siku niliyoiandikia kurasa nyingi zaidi.

Kuanzia tarehe 1 Januari 1866 Italia iliyoungana ilianza kutumia sheria moja ya kiraia, na chini ya sheria hiyo ndoa ya kanisani haikuwa na nguvu yoyote mbele ya serikali. Ndoa iliyotambuliwa ilikuwa ile ya manispaa tu. Kanisa kwa upande wake halikuitambua ndoa ya manispaa kuwa ndoa, na uhusiano wao uliharibika zaidi baada ya majeshi ya Italia kuitwaa Roma mwaka 1870. Watu wa vijijini, waliooana kanisani tangu mababu, waliendelea kufanya hivyo. Kwa paroko na kwa majirani walikuwa mume na mke. Kwa karani wa manispaa walikuwa mwanamume na mwanamke wasiooana, na watoto wao wakaandikwa hivyo. Hali hii iliendelea hadi mapatano ya Laterano kati ya Italia na Papa, ya tarehe 11 Februari 1929, yaliyoipa ndoa ya kanisani nguvu ya kisheria mara inaponakiliwa katika rejesta ya raia. Kwa hiyo anayetafuta ndoa ya kati ya mwaka 1866 na 1929 anatafuta ndoa mbili, na tarehe zake zaweza kupishana kwa siku moja au kwa miaka mingi.

Karani alileta nakala ya manispaa ya rejesta ya mwaka 1876. Maneno ya hati yalikuwa yaleyale tuliyoyasoma mtandaoni, ambako picha ni za nakala ya mahakama. Lakini pembeni mwa ukurasa huu palikuwa na maandishi ambayo nakala ya mahakama haina, ya wino tofauti na ya mkono mwingine: kwamba mtoto huyu amehalalishwa kwa ndoa ya wazazi wake iliyofungwa katika manispaa hii mwaka 1879, na hapo jina la mama yake likaandikwa lote, jina lake na la ukoo wake. Mama aliomba nilisome tena. Karani alilisoma yeye mwenyewe, polepole, kwa matamshi ya kwao, kisha akaenda kuleta rejesta ya ndoa ya 1879 bila kuombwa.

Katika hati ya 1879 bwana na bibi harusi walitangaza kwamba tayari wana watoto wawili, wakawataja kwa majina na tarehe, wakawatambua mbele ya meya. Wazazi wote wanne wa wachumba wametajwa. Mwishoni mmesemwa kwamba wahusika hawakutia saini kwa kuwa hawajui kuandika.

Kwa watakaofuata, ombeni dondoo iitwayo "estratto per copia integrale", ambayo hunakili hati nzima pamoja na maandishi ya pembeni. Cheti cha kawaida huacha karibu kila kitu mnachokitaka. Tena ulizeni bei kabla ya kuomba, maana sheria ya bajeti ya mwaka 2025 imeziruhusu manispaa kutoza hadi euro 300 kwa hati moja yenye zaidi ya miaka mia. Siku hiyohiyo tuliyokuwa ofisini ilitolewa sheria namba 74, iliyothibitisha kwamba uraia wa Italia kwa njia ya nasaba sasa unaishia kwa kawaida kwenye kizazi cha mzazi au babu. Karani alidhani tumekuja kwa ajili hiyo. Nilipomweleza kwamba mama alitaka jina tu, alitutolea nakala mbili za picha na kukataa malipo.

Jumamosi, 24 Mei: kitabu cha paroko

Vitabu vya parokia ni mali ya Kanisa na hakuna anayelazimika kukuonyesha. Inafaa kuandika kwanza kwa ofisi ya jimbo, kisha kwa paroko, ukitaja majina na miaka michache, na ukifika uache sadaka. Tuliacha euro 50. Paroko alikuwa na shughuli nyingi za sikukuu ya San Pardo, mtakatifu msimamizi wa Larino, iliyokuwa ianze kesho yake, lakini alitupa saa moja baada ya Misa, akamwacha msakristia, mtunza kanisa, awe nasi.

Tangu Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kwa amri ya mwaka 1563, kila paroko alitakiwa kuwafungisha wachumba ndoa mbele ya mashahidi na kuandika kitabuni, kwa hiyo vitabu vya ndoa vya makanisa huanza karne mbili na zaidi kabla ya rejesta za serikali, ambazo bara la ufalme wa kusini lilizianza mwaka 1809. Huandikwa kwa Kilatini chenye maneno yanayojirudia, na mtu akiyazoea maneno ya ukurasa mmoja anaweza kusoma kitabu chote: kwamba matangazo yalisomwa katika sikukuu tatu wakati wa Misa, kwamba hakikuonekana kipingamizi, kwamba ridhaa ilitolewa, kwamba mashahidi walikuwa fulani na fulani. Palipo na neno la ruhusa ya udugu, yaani ya kuoana jamaa wa damu, simameni hapo. Kabla ya mwaka 1917 Kanisa lilizuia ndoa hadi daraja la nne la udugu, yaani wenye babu wa babu mmoja, na waliotaka kuoana ndani yake waliomba ruhusa kwa kuonyesha jinsi walivyozaliwa. Maombi hayo hutunzwa katika hifadhi za majimbo na mara nyingi yana mti wa ukoo uliochorwa.

Tulianza mwaka 1876 tukarudi nyuma. Msakristia ndiye aliyeona kwanza, akaweka kidole kando ya mstari bila kuugusa. Mwezi wa Februari 1873, katika kanisa hilohilo tulilokuwamo, mwanamume yuleyule na mwanamke yuleyule, matangazo matatu, hakuna kipingamizi, mashahidi wawili. Mtoto alizaliwa miaka mitatu baada ya harusi ya wazazi wake. Mwanamke aliyeandikwa na serikali kuwa hajaolewa alikuwa ameolewa.

Mama hakulia kule ndani. Alitoa rozari yake, akaomba kuonyeshwa altare, akakaa huko mpaka msakristia alipokuja kufunga mlango, naye alimsubiri bila kumharakisha.

Jumapili, 25 Mei

San Pardo. Zaidi ya magari mia ya kukokotwa, kila moja la familia yake, yamepambwa kwa maua ya karatasi na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, yanavutwa na ng'ombe, na yale madogo na kondoo. Mwenye nyumba yetu alimpandisha mama kwenye gari la familia yao kwa mwendo mfupi. Tulikula pampanela, nyama ya nguruwe iliyookwa kwa pilipili nyekundu na kitunguu saumu, utaalamu wa mji jirani wa San Martino in Pensilis, na ndicho chakula pekee cha Molise ambacho mama alisema kina pilipili ya kutosha.

Jumatatu, 26 Mei: Casacalenda

Hati ya 1879 ilimaliza swali la mama, lakini palikuwa bado na ndoa ya yule mtoto wa 1876 alipokua. Haikuwamo Larino, na karani alikwisha kutudokeza sababu: desturi ni harusi kufungwa katika parokia ya bibi harusi. Pembeni mwa hati ya kuzaliwa paliandikwa pia kwamba alioa Casacalenda mwaka 1904. Basi la asubuhi lilitufikisha kabla ya ofisi kufunguliwa. Hati ya manispaa ilipatikana kwa muda mfupi, ikiwa na majina ya wazazi wa bibi harusi, mama yake akiwa ameandikwa "fu". Paroko, anayehudumia zaidi ya kanisa moja, hakuwepo. Mwanamke aliyekuwa akipanga maua kanisani alipokea barua yetu, akaipigia picha na kumtumia papo hapo, kisha akatupeleka kituoni kwa gari lake kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza.

Kurudi Roma na kupanda ndege hakukuwa na jambo la kusimulia.

Jibu la paroko lilifika mwezi Julai, likiwa na picha ya ukurasa. Ndoa ya kanisani ya 1904 ilifungwa siku moja baada ya ile ya manispaa, na kitabu kinaongeza jambo ambalo karani wa serikali hakuliandika: kwamba bibi harusi alibatizwa katika parokia ya mji mwingine, Bonefro, kabla wazazi wake hawajahamia Casacalenda. Rejesta za Bonefro nimeanza kuzisoma mtandaoni, nikianza na ndoa za miaka ya 1870.